Filamu ya Kiganja cha Nyani: mbona haitishi kama hadithi?

Mwanalanet (Nakuru):
Wadau, hadithi ya W. W. Jacobs ya 1902, ya kiganja kikavu cha nyani kinachotimiza maombi matatu kwa gharama ya kutisha, ina kurasa chache tu, na ukiisoma usiku hutoki nje tena. Filamu ya Brett Simmons ya 2013 ina damu na mfu anayetembea, lakini wapi! Kosa liko wapi hasa? Tunatengeneza toleo la dakika 12 hapa Lanet, kwenye nyumba ya vyumba viwili ya mabati, kwa kamera ya simu, na sitaki turudie kosa hilo.

FundiSauti (Kisumu):
Kosa ni kuonyesha. Kwenye hadithi, kijana Herbert alisagwa na mashine kiwandani, na baba yake alimtambua kwa nguo tu. Siku kumi baadaye baba, kwa kushinikizwa na mama, anaomba mtoto afufuke, na mlango unagongwa. Hapo msomaji anajitengenezea mwenyewe sura ya aliye nje. Kwenye filamu Cobb, mfanyakazi mwenzake mhusika mkuu, anafufuka, tunamwona uso, tunaona urefu wake, na tangu hapo ni muuaji wa kawaida anayeweza kukimbiwa.

Kwa hiyo kazi yenu kubwa ni sauti. Jacobs aliandika mlango ukigongwa tena na tena: mara ya kwanza haisikiki vizuri, ya tatu inajaza nyumba. Weka ya kwanza desibeli -30, ya pili -20, ya tatu -10 (hiki ni kipimo cha sauti; namba ikikaribia sifuri, sauti ni kubwa zaidi). Baada ya ile ya kwanza acha sekunde sita hivi, mtazamaji ajiulize kama amesikia kweli. Rekodini mlango wa mbao, mtu agonge kwa kifundo cha kidole, simu ya kurekodi iwe chumba cha pili. Mlango wa chuma unalia kama geti na kila mtu atafikiria mgeni wa kawaida. Rekodini pia dakika nzima ya chumba kikiwa kimya, muitandike chini ya tukio lote, la sivyo kila mkato utasikika. Halafu mabati: yakipoa jioni yanaalika ta, ta, na sikio litadhani ni mlango. Ngojeni mpaka saa nne usiku.

MamaMaigizo (Nakuru):
Ndugu FundiSauti, sauti ni sawa, ila kosa kubwa ni nani anarudi. Simmons amemrudisha mtu wa kazini. Nani atakimbia kumfungulia? Kwa Jacobs ni mtoto wa pekee aliyebaki, na mama *anataka* kufungua. Komeo la chini ameshalivuta, la juu halifikii, anaburuta kiti. Baba yuko kwa magoti gizani anapapasa sakafu akitafuta kiganja. Hofu yote imo humo. Fungeni komeo la juu mahali ambapo mwigizaji hafiki hata akinyoosha mkono. Kiti kiwe cha mbao, sakafu ya simiti bila zulia. Onyesheni komeo sekunde nne, mkono wa baba nne, komeo tatu, mkono mbili.

Ombi la kwanza pia limeharibiwa. Kwenye filamu ni gari. Kwenye hadithi ni pauni 200 za kumalizia deni la nyumba, na fidia ya kifo inakuja pauni 200 kamili. Kwenu iwe deni la ploti kwenye sacco, na mjumbe wa kampuni aitaje pesa ileile, bila kuzidi hata shilingi.

Mwanalanet:
Asante sana, dada. Na kiganja chenyewe?

MamaMaigizo:
Unga vikombe viwili, chumvi kimoja, maji kimoja, mkiongeza kidogokidogo. Vidole viwe na waya wa kufungia nondo ndani, unene usizidi sentimita mbili, ama kitapasuka kikikauka. Pakeni chai ya rangi iliyokolea. Kamera ikionyeshe kwa karibu mara moja tu.

FundiSauti:
Mwishoni, baba akimaliza ombi la tatu, la kumwondoa aliye mlangoni, msipunguze sauti ya kugonga polepole. Ikateni ghafla, mwangwi ubaki nyumbani. Kisha kiti kivutwe, mlango ufunguliwe, upepo uingie. Nje ni barabara tupu na taa moja inayopepesa.