Tupeane uzoefu: tepu ya ujenzi kijijini kwenu inapita kwa kila mtu?

Mwanzisha mada
Mwangaluka ndugu zangu wa Kanda ya Ziwa. Kuna jambo linaniuma, na naamini siko peke yangu.

Mwaka juzi nilianza kumjengea mama vyumba viwili kijijini, kando ya ziwa. Tofali za kuchoma tulifyatua wenyewe, simenti nikawa natuma mifuko mitano mitano kutoka Mwanza mjini. Tulipofika usawa wa lenta akaja mtendaji na mgambo wawili, wana tepu ya mita 30. Wakashika mwanzo wake pale mawimbi yanapofia, wakavuta, wakachomeka kijiti, wakavuta tena. Mara ya pili ikaishia katikati ya chumba cha mama. Palepale wakapiga X nyekundu ukutani, yaani pabomolewe, kubwa kuliko dirisha. Mama alikuwa ameshika ungo wa dagaa. Aliitazama ile rangi mpaka wakaondoka, hakusema neno.

Sibishii mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya umbali huo, na ni sawa, maana maji ya ziwa hili ndiyo tunayokunywa. Lakini hatua kama mia mbili kutoka kwa mama kuna nyumba ya wageni ya ghorofa ambayo uzio wake unapigwa na mawimbi. Ilijengwa mwaka uleule. Pale tepu haikufika. Nilipouliza, nikajibiwa kwamba hiyo inashughulikiwa na wakubwa.

Tena ziwa lenyewe hupanda na kushuka. Mwaka 2020 lilijaa hadi migomba ya mama ikasimama majini. Sasa ukingo unahesabiwa kuanzia wapi, maji yalipofika mwaka ule au yalipo asubuhi wanayokuja kupima? Nimeuliza watu watatu ofisini, kila mmoja akanipa jibu lake.

Naomba tusimuliane. Yaliwakuta yapi, na mlifanyaje?

Dagaa wa Mwaloni
Pole sana. Kwetu ilikuwa barabara. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande. Waliojenga nje ya mita za zamani kabla ya sheria hiyo walistahili X ya kijani, yaani wasubiri fidia. Baba alijenga 1994, wakampiga nyekundu. Bahati nzuri karatasi ya kununulia kiwanja alikuwa ameitunza ndani ya kopo la maziwa ya unga, ina sahihi ya mwenyekiti wa kitongoji na mashahidi watatu. Alienda nayo safari nne. Ya nne wakaifuta nyekundu, wakaweka kijani. Fidia hadi leo hajaiona. Jirani aliyejenga juzijuzi, karibu na lami kuliko sisi, hana alama yoyote. Mzee anapita pale kila siku akienda kuswali.

Mama Mapacha
Mimi niliombwa "ya maji", nikatoa elfu hamsini bila risiti. Kelele zikaisha. Yule akahamishwa, aliyekuja akaanza upya. Ukilipa chochote, dai kontro namba, ile namba ya malipo ya serikali. Asipokupa, ujue hela hiyo haiendi serikalini.

Mtendaji mstaafu
Wanangu, nilikuwa mtendaji wa kijiji miaka 19. Niwaeleze inavyokuwa.

Tepu mnayoiona kwa kawaida imeazimwa kwa fundi. Mhandisi ni wa wilaya nzima, na pikipiki ya kata haina mafuta. Kwa hiyo unakagua nyumba zilizo njiani unapoenda ofisini. Aliyejenga ndani ya uzio, geti limefungwa, humfikii. Ukimgusa mwenye ghorofa, simu inaita kabla hujafika nyumbani. Nimepigiwa, na niliacha. Jioni ileile nilimsimamishia ujenzi mjane mmoja ambaye hakuwa na wa kumpigia. Nakumbuka hata rangi ya kanga yake.

Kingine ambacho hamwambiwi: eneo la kijiji likitangazwa kuwa la mipango miji, chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, kibali cha ujenzi kinaanza kudaiwa. Jana ulijenga kwa idhini ya serikali ya kijiji, leo unaambiwa una kosa. Ulizeni kwenye mkutano mkuu wa kijiji, na mhakikishe swali limeandikwa kwenye muhtasari. Swali la mdomo ofisini linaishia mlangoni.

Fundi Mawe
Nimejenga miaka mingi pande hizi. Wakija wanapima umbali tu. Hakuna aliyewahi kuniuliza nondo ya lenta ni milimita ngapi wala msingi umeshuka kiasi gani. Nimeona mfuko mmoja wa simenti ukichanganywa na toroli kumi za mchanga, na watu wakalala humo. Masika iliyopita ukuta wa namna hiyo uliangukia kitanda cha mtoto. Mungu mkubwa, alikuwa amekwenda kisimani. Ukuta ule haukuwa na X.

Mwanzisha mada
Asanteni. Mzee, nashukuru kwa kusema lile la mjane.

Mkutano mkuu ni Alhamisi ijayo, na mama atakwenda na barua yangu. Naomba mawili tu: waandike ukingo wa ziwa waliopimia ni upi, halafu wapime majengo yote ya ufukweni siku moja, mbele ya wanakijiji, wakianza na lolote watakalo. Kama vyumba vya mama vitabaki ndani, nitavibomoa kwa mikono yangu. Tepu ya mita 100 nimeshanunua, ipo kwenye gari la Jumanne. Fundi Mawe, kama upo karibu, njoo ushike upande wa pili.