Swali la kuamka usiku katika hojaji ya dalili za tezi dume kwa Kiarabu

Muuguzi wa Muscat
Assalaam aleikum. Katika kliniki yetu ya magonjwa ya njia ya mkojo tunaithibitisha kwa Kiarabu hojaji ya kimataifa ya dalili za tezi dume (IPSS), yenye maswali 7 yanayopewa alama 0 hadi 5, pamoja na swali moja la ubora wa maisha. Tafsiri imekwisha kurudishwa Kiingereza na kupatanishwa na jopo. Alfa ya Cronbach, kipimo cha jinsi maswali ya hojaji yanavyoambatana, inaridhisha, lakini swali la 7, linalohusu kuamka usiku kukojoa, halina uthabiti: wagonjwa walewale, ambao hali yao haikubadilika, wanalijibu tofauti wakiulizwa tena baada ya wiki mbili. Je, tuliondoe?

Mtakwimu
Waaleikum salaam. Msiliondoe, kwa sababu viwango vinavyotumiwa duniani kote (0–7 dalili hafifu, 8–19 za wastani, 20–35 kali) vimejengwa juu ya maswali yote 7, nanyi mtapoteza uwezo wa kulinganisha. Alfa nayo isiwatulize mno. Maswali manne yanahusu utoaji wa mkojo na matatu uhifadhi wake kibofuni, kwa hiyo ni kawaida la usiku kuambatana kidogo na mengine. Kwa swali mojamoja tumieni kappa yenye uzito, yaani kipimo cha jinsi majibu ya duru mbili yanavyokubaliana. Tena angalieni kalenda: hojaji inauliza habari za mwezi mzima uliopita, na katika Ramadhani mtu hunywa maji na kulala kwa saa tofauti kabisa, hivyo duru moja ikigusa mwezi huo na nyingine isiuguse, mtakuwa mmepima saumu.

Daktari
Nakubaliana na mtakwimu, ila naona kiini kiko kwenye alfajiri. Swali linataka idadi ya mara kuanzia mtu anapolala hadi anapoamka asubuhi. Sasa mzee anayeamka kwa adhana, akakojoa kabla ya kutia udhu, akasali kisha akarudi kitandani, ahesabu mara hiyo au asihesabu? Leo atahesabu, wiki ijayo hatahesabu, na kila mara atakuwa amejibu kwa uaminifu. Waombeni wagonjwa wachache waeleze kwa sauti walivyofikia jibu lao, kisha mwongozo wa kujaza ueleze kwamba huhesabiwa kuamshwa na mkojo wenyewe. Swali la nguvu ya mkojo pia lahitaji mahojiano hayo, maana anayekojoa akiwa amechutama mara nyingi hauoni unavyotoka. Matone yanayobaki baada ya haja ndogo, ambayo huwahangaisha sana wenye kutunza twahara, hayamo kabisa katika maswali hayo 7. ICIQ-MLUTS, hojaji nyingine ya dalili za mkojo kwa wanaume, ndiyo inayoyauliza.

Muuguzi wa Muscat
Nashukuru sana. Vipi wazee wasiosoma, ambao hujaziwa na wauguzi?

Mtakwimu
Wachambueni peke yao, kwa kuwa mzee mbele ya muuguzi kijana, hasa wa kike, huenda akapunguza makali ya majibu yake. Msitegemee kipimo cha kasi ya mkojo kuwa hakimu, kwani uhusiano wake na alama za dalili ni dhaifu hata katika lugha ya asili ya hojaji. Ushahidi bora ni kuwapima watu wale wale kabla na baada ya matibabu, mkikumbuka kwamba wagonjwa huanza kuhisi nafuu alama zinaposhuka kwa takriban 3.