MREJESHO: Binti yangu na skuli iliyokuwa ya wavulana

Assalaam alaykum. Niliuliza kama nimuachie binti yangu aende skuli ya kuchaguliwa kwa alama, ya wavulana watupu miaka yote, sasa ndiyo kwanza inachukua wasichana.

Ahsanteni nyote. Nilimfuata dada aliyesema: "Usitizame madarasa, katizame vyoo na dakhalia (bweni)." Nikapanda gari kutoka Wete mpaka Chake Chake, huku Pemba, kuitizama skuli. Vyoo vya wasichana viwili, kimoja hakina komeo! Wazazi sita tukachanga, fundi akalitia siku ile ile.

Barua ya pamoja ya kuomba mwalimu wa kike alale dakhalia haijazaa kitu, kila tukienda, "subirini."

Binti mwenyewe, sasa yumo skulini, hesabu anawapita wavulana. Analalamika tu kwamba jioni hawampi mpira.