Kaka yangu kapewa 8 kati ya 10 na kompyuta, naombeni ushauri

Mtoka_Mbali: Wakuu, heshima kwenu. Niko New York, kaka yangu yuko gerezani hukuhuku, kesi ya wizi. Mwezi ujao anaonana na bodi ya parole, wale wanaoamua kama mfungwa aachiwe mapema kwa masharti. Walimhoji, majibu yakaingizwa kwenye programu inaitwa COMPAS, ikatoa 8 kati ya 10, eti uwezekano wa kurudia kosa ni mkubwa. Naipingaje? Silali.

Bint_Pangani: Pole. Walimuuliza nini?

Mtoka_Mbali: Alikamatwa mara ya kwanza ana umri gani, marafiki, kazi, nani kwenye ukoo kafungwa. Kuna swali moja: mwenye njaa ana haki ya kuiba, unakubali au hukubali? Akajibu anakubali. Si ukweli?

Shemeji_wa_Wote: Mimi shemeji yangu alitoka Segerea tukamfungulia genge la nyanya. Siku ya nne kauza mpaka mizani. Na hatukuwa na kompyuta.

Fundi_Takwimu: Fomula ni siri ya kampuni iliyoitengeneza. Mwaka 2016 ProPublica, waandishi wa habari za uchunguzi, walifuatilia watuhumiwa wa Broward, Florida, waliopewa alama za COMPAS. Kati ya ambao hawakurudia kosa, weusi 44.9% walikuwa wamewekwa kundi la hatari, weupe 23.5%. Kampuni ikajibu kuwa wenye alama sawa hurudia kwa kiwango kilekile, mweusi au mweupe. Na wote wawili hesabu zao ziko sawa, ndiyo maana ugomvi hauishi. 2018 watafiti Dressel na Farid wakaonyesha kuwa umri na idadi ya makosa ya nyuma tu vinabashiri karibu sawa na programu nzima, yaani hupatia kama 65%. Sasa nikuulize: ana miaka mingapi, na hii ni mara ya ngapi?

Mtoka_Mbali: 26.

Fundi_Takwimu: Na mara ya ngapi?

Mtoka_Mbali: Ya tatu. Ile ya pili alitoka kwa parole, miezi minne akarudi ndani. Ila ni marafiki tu, moyo wake mzuri.

Chumvi_Nyingi: Hiyo 8 hata bibi yangu angeitoa, tena bila umeme.

Bint_Pangani: Akitoka anakaa wapi?

Mtoka_Mbali: Kwangu. Barua nimeshatuma kwa bodi. Wife bado hajui, lakini kodi nalipa mimi.

Mzee_Kisima: Kijana, ndoa haiendeshwi kwa risiti.

Chumvi_Nyingi: Wadau, hii chai. Mwezi wa 3 aliomba ushauri wa mirathi, akasema kwa mama yake kazaliwa peke yake. Kaka kaota wapi?

Shemeji_wa_Wote: Nani kaleta vitafunwa?

Mtoka_Mbali: Ni mtoto wa baba mkubwa. Kwenu unamwita nani, jirani?

Chumvi_Nyingi: Haya, nimekaa.

Fundi_Takwimu: Chai au maziwa, kagueni faili lake. Kosa lililoandikwa mara mbili, tarehe iliyokosewa, hayo ndiyo ya kupinga. Alama haiamui, wanaoamua ni bodi, na barua yako wataisoma.

Bint_Pangani: Wakipiga simu nyumbani akapokea mkeo?

Mtoka_Mbali: Yuko zamu ya usiku. Namwambia asubuhi akirudi. Au Jumapili, akishapumzika.