Mrejesho: Kwa nini "go" hugeuka "went"

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliuliza kwa nini kitenzi cha Kiingereza "go" hugeuka "went" katika wakati uliopita, na kama "went" ina undugu na "kwenda" yetu, kama alivyodai mwanafunzi wangu wa kidato cha kwanza. Niliufuata ushauri wa kuanza na "send" na "sent", kisha "bend" na "bent". Nilipoandika ubaoni "wend", yaani kugeuka na kushika njia, darasa lilinyamaza kidogo, kisha msichana wa dawati la mbele akasema mwenyewe kwamba "went" imeazimwa kutoka hapo. Nami nikaongeza kwamba Kiingereza cha kale kilitumia "eode", ambayo "went" iliisukuma nje kufikia karne ya 15.

Undugu na "kwenda" niliukanusha kwa "kugenda" ya Kinyarwanda na "okugenda" ya Kiganda, zinazoonyesha wazi asili ya Kibantu. Hata hivyo, katika madaftari ya juzi nimekuta "goed" sita, kwa hiyo mazoezi yanaendelea. Nawashukuru sana, hasa aliyenieleza habari za "wend" usiku ule ule.