Ushauri: Nimchague msimamizi wa uzamivu kwa kufuata orodha za watafiti wa mifugo wanaonukuliwa zaidi?

Daktari wa Ndama, Arusha (mleta mada)

Wakuu, salamu kwenu. Mimi ni daktari wa mifugo hapa Arusha, na sehemu kubwa ya kazi yangu iko kwa wafugaji wa Monduli na Longido, ambako ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe uenezwao na kupe, ingali inaua ndama. Nimepata mfadhili wa masomo ya uzamivu (PhD) juu ya ugonjwa huo, naye ameniagiza nipendekeze wasimamizi kwa kufuata orodha za mtandaoni zinazowapanga watafiti wa sayansi ya wanyama na tiba ya mifugo kulingana na mara ngapi makala zao zinanukuliwa na watafiti wengine. Nimezipitia, lakini mtu aliye juu katika orodha moja namkuta mbali sana katika nyingine, na baadhi ya wanaoongoza ni wabobezi wa lishe ya ng'ombe wa maziwa, ambao sijaona wameandika lolote kuhusu kupe. Naomba wenye uzoefu wanieleze alama hizo hupatikanaje, na nizipe uzito gani ninapomtafuta mtu atakayeniongoza kwa miaka kadhaa.

Mtakwimu wa Moshi

Ndugu daktari, nyingi ya orodha hizo zinategemea kipimo kilichopendekezwa mwaka 2005 na Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, kiitwacho indeksi ya h. Mtafiti mwenye h ya 20 ana makala 20 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 20. Kwa hiyo mwenye makala tano tu, hata kila moja ikiwa imenukuliwa mara elfu moja, hawezi kuvuka h ya 5. Na kwa kuwa nukuu hulimbikizana, aliyeanza kuandika zamani humzidi kijana hata kama ameshaacha utafiti.

Tofauti uliyoiona inaanzia kwenye hazina ya data, yaani mtandao unaohesabu makala na nukuu zake. Google Scholar hukusanya hata tasnifu na ripoti, hivyo takwimu zake kwa kawaida huwa kubwa kuliko za Scopus au Web of Science, na si haki kulinganisha h ya huku na ya kule. Tovuti ya Research.com nayo hutumia indeksi ya D, yaani h ya makala za fani husika peke yake, lakini huwaweka watu wa sayansi ya wanyama na wa tiba ya mifugo katika kundi moja. Orodha ya John Ioannidis wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake, iliyochapishwa mwaka 2019 kwa data ya Scopus, huzitenganisha fani hizo mbili, huonyesha alama za mtu zikiwa na nukuu alizojinukuu mwenyewe na zikiwa zimeondolewa, na huzingatia nafasi ya jina lake kati ya waandishi. Hilo la mwisho lina uzito mkubwa: makala ya mwaka 2009 ya jenomu (jumla ya vinasaba) ya ng'ombe ilishirikisha watafiti zaidi ya 300, na kwa h ya kawaida kila mwandishi huhesabiwa sifa nzima. Mimi ningeanza na orodha hii.

Mama Mtafiti, Tengeru

Mwanangu, alivyoeleza mtakwimu ni sahihi, ila usiishie kwenye namba. Chanjo ya ndigana kali wanayoitumia wafugaji wako ilitokana na kazi ya Muguga, Kenya, mahali pale pale Walter Plowright alipotengeneza chanjo ya sotoka, ugonjwa wa ng'ombe uliotangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011. Thamani ya kazi kama hizo kwa mfugaji haimo katika indeksi yoyote.

Chukua makala za karibuni za kila unayemfikiria, utazame waandishi. Katika fani yetu, mwanafunzi aliyefanya kazi aghalabu hutajwa wa kwanza na msimamizi wa mwisho. Ukiona profesa yuko mwisho, na wanaotangulia ni wanafunzi tofauti tofauti, hasa wa Tanzania, Kenya au Uganda, huyo analea watafiti. Ukimkuta kila mara katikati ya majina mengi, h yake itakuwa kubwa lakini muda wake kwako utakuwa mdogo. Waandikie pia wanafunzi wake waliokwisha kuhitimu, uwaulize rasimu zao zilirudi baada ya muda gani; swali hilo litakufaa kuliko orodha zote. Msimamizi mwenza mtafute SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo), au hapa Tengeru katika Taasisi ya Nelson Mandela.

Daktari wa Ndama, Arusha

Nashukuru sana, Mama, na wewe mtakwimu. Tatizo lililobaki ni kwamba mfadhili bado anataka namba.

Mtakwimu wa Moshi

Mpe, ila uziandae wewe. Tumia hazina moja kwa wote, walinganishe watafiti wa magonjwa yaenezwayo na kupe peke yao, taja mwaka wa makala ya kwanza ya kila mmoja, na weka nukuu za miaka mitano ya karibuni kando ya zile za jumla. Akihoji kwa nini hukumchagua wa kwanza, mwonyeshe Tamko la Leiden, yaani mwongozo wa kutumia takwimu katika kutathmini utafiti, lililochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2015, ambalo hoja yake ya kwanza ni kwamba takwimu ziunge mkono tathmini ya wataalamu, zisichukue nafasi yake.