Naomba ushauri: kufikia mafaili ya nyumbani nikiwa mbali (Lubumbashi)

Bandugu na badada jambo yenu, niko hapa Lubumbashi, Kamalondo, nafanya kazi ya picha na video za ndoa. Nilinunua Synology (kisanduku cha kuweka mafaili ku mtandao wa nyumba) ya diski mbili za tera 4, niliziweka RAID 1 ili moja ikikufa ingine ibaki na kazi yote, maana picha za ndoa za watu ni deni kubwa sana kwangu.

Hapa nyumba inatembea muzuri. Shida ni mdogo wangu mwenye iko Kolwezi, yeye ndiye anafanya montaji na anapaswa kuchukua mafaili kutoka kule. Nilihangaika siku mbili nafungua porti (mlango wa kuingilia toka inje) ku ruta, bure, kisha nikaona IP (anwani ya mtandao) ya inje inaanza na 100.72, kumbe ni ile ya kugawana na wateja wengine, basi porti haiwezi kusaidia. Kuko mwenye alisema nilipe IP yangu kisha nifungue porti 445 (ya kugawana mafaili), hiyo nakataa, kirusi WannaCry ya 2017 ilipitia mulemule.

Sasa nabaki kati ya QuickConnect (njia ya Synology yenyewe ya kufikia mafaili toka mbali) na Tailscale (VPN, njia ya siri inaunganisha mashine zako kupitia interneti). QuickConnect ni rahisi lakini ikipitia seva zao inakuwa polepole, na mimi kupandisha napata megabiti 2 tu, giga 10 ni saa 11 hivi, na kura (umeme) ikikatika katikati?

Mwenye anatumia Tailscale na laini kama hii anielezee, inaunganisha moja kwa moja? Na faili ikikatika, inaendelea palepale ao inaanza upya? Aksanti sana.